Pumu: Damu Imo, Lakini si Chafu

Swali lililojaa kwenye barua zenu ni lile lile: je, dawa ya "kusafisha damu" inayotangazwa kwenye nguzo za stima kutoka Kayole hadi Dandora huponya pumu? Haiponyi. Na tukiwa hapo, pumu haiambukizi na inhela haimfanyi mtu mraibu. Nimechoka kurudia.

Hata hivyo damu imo, na tapeli hupenyea hapo hapo. Chembe sahani za damu kazi yao ni kuziba jeraha ukijikata. Kwa mwenye pumu ya mzio hazingoji jeraha. Akivuta vumbi linalomdhuru, chembe hizo huamka na kunata kwenye chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, zikazisaidia kushika ukuta wa mshipa na kupenya mapafuni. Watafiti wa King's College London walipowapunguzia panya chembe sahani, eosinofili nyingi hazikufika.

Kinachonishangaza zaidi ni ushirika wa chembe sahani na chembe nyeupe. Nenda Kariobangi Light Industries: fundi mmoja anakata bati, mwenzake analichomelea. Chembe sahani haina kimeng'enya cha kuanza kuunda leukotrini, kemikali zinazobana njia za hewa. Ina cha kumalizia. Chembe nyeupe huikabidhi kazi iliyofika nusu, nayo huikamilisha. Breki ya karakana hiyo ni kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini E2, na asprini huidhoofisha breki yenyewe. Ndiyo sababu takriban watu wazima 7 kwa kila 100 wenye pumu hubanwa kifua wakimeza asprini au ibuprofeni. Kwa hivyo anayekuambia umeze asprini "damu iwe nyepesi" ili pumu ipone anaweza kukuua.

Ushauri ni mfupi. Inhela ya kuzuia hutumika kila siku, hata kifua kikiwa shwari. Ya kufungua njia za hewa peke yake haitoshi. Suuza mdomo baada ya ile ya kuzuia. Ukinunua dawa ya maumivu, taja kwamba una pumu.

Utafiti wa Tupumue, uliochapishwa 2023, ulihusisha watoto wa shule 2,373 wa mtaa wa mabanda wa Mukuru na jirani yake Buruburu, Nairobi. Kifua chenye mluzi kilipatikana kwa asilimia 9.5 Mukuru na 6.4 Buruburu. Lakini waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 1.2 Mukuru, dhidi ya 2.8 Buruburu. Tapeli hula kwenye pengo hilo. Kifua cha mwanao kikilia, mpeleke akapimwe.