Mfereji wa Noord-Holland: Jiografia na Historia Yake

Aghalabu mtu alisikiapo jina la Amsterdam hudhani kuwa mji huo una njia rahisi ya kufikia bahari kuu. Haikuwa hivyo. Katika karne ya 17 na ya 18, merikebu zilizorejea kutoka Mashariki zikiwa na viungo zililazimika kuingia Zuiderzee, ghuba ya maji haba, na huko zikakabiliwa na fungu la mchanga na matope liitwalo Pampus, karibu kabisa na mji. Mabaharia waliweza kukaribia kwao wasifike.

Mnamo 1690 ilibuniwa zana iliyopewa jina la ngamia. (Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuipita tamathali hii kimya.) Hivi vilikuwa vyombo viwili vikubwa vyenye uwazi ndani. Vilijazwa maji vikazama, vikafungwa kwa minyororo huku na huku ya merikebu, kisha maji yakatolewa; vilipopanda, merikebu nayo ikapanda. Ilikuwa kazi ya gharama na ya kuchosha, na haikuuondoa udhia wenyewe.

Baada ya utawala wa Wafaransa kukoma mwaka 1813, biashara ya mji huo ilikuwa imedhoofika. Mfalme Willem I aliamua kuikwepa Pampus badala ya kupigana nayo. Mhandisi Jan Blanken aliusimamia mradi huo, na kati ya 1819 na 1824 mfereji wa takriban kilomita 80 ukachimbwa. Ulichimbwa kwa sepetu na toroli, yaani kwa migongo ya vibarua.

Mfereji unaanzia ng'ambo ya kaskazini ya Amsterdam, unapita Purmerend, unageuka kuelekea Alkmaar, kisha unapanda hadi Den Helder penye bahari wazi. Haukunyooka, kwa kuwa Blanken alitumia kwa sehemu mikondo iliyokuwako, ikiwemo mifereji inayozunguka maziwa yaliyokaushwa zamani. Mathalani, Beemster lilikaushwa mwaka 1612, na ardhi yake iko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mkulima aliyesimama shambani huona chombo kikipita juu ya kimo chake.

Merikebu zilikokotwa na farasi wakitembea ukingoni. Hata hivyo, zama za mvuke na chuma zilileta vyombo vipana na virefu zaidi, ambavyo kona na malango ya mfereji havikuvimudu. Mwaka 1876 ulifunguliwa mfereji mwingine, Noordzeekanaal, uliokata moja kwa moja magharibi hadi baharini. Kazi ya jasho la miaka mitano ilikuwa imeihudumia bandari kwa takriban nusu karne tu.

Mfereji wa kale haukufa. Ungali unapokea maji ya mashamba na kupitisha vyombo vidogo, na kaskazini ya Alkmaar yangaliko madaraja yanayoelea, ambayo sehemu yake ya kati huvutwa kando ili chombo kipite.