Etamajori ya jeshi ina kazi gani?

Etamajori ni ofisi ya wakuu wanaopanga kazi ya jeshi: nani aende wapi, ale nini, atii amri ya nani. Wakati wa vita, serikali, RCD-Goma na MLC kila upande ulikuwa na wakuu wake. Mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 ulitaka jeshi moja. Mwaka 2003 etamajori moja iliundwa Kinshasa, na Kindu ikawa makao ya eneo la 7 la kijeshi.

Lakini mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, na mingine ilipotea njiani. Toka 2005 Umoja wa Ulaya ulisaidia kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara.

Ndugu mliohama makwenu, askari asiyelipwa hula shamba la raia. Viongozi, mnapopeleka malalamiko, tajeni kikosi na kamanda wake. Amri ikijulikana ilikotoka, mwenye kujibu anajulikana.