Soni, Chinsoni na Hoja: Maadili ya Wagusii mbele ya Aristotle na Confucius

Neno soni, lenye maana ya haya au aibu, siku hizi hukutwa zaidi katika ushairi kuliko katika mazungumzo. Huko Kisii na Nyamira, hata hivyo, ndugu yake angali hai. Katika Ekegusii, ensoni ni haya aionayo mtu. Wingi wake, chinsoni, aghalabu hutaja kanuni za staha baina ya kizazi na kizazi. Kiswahili hakitenganishi umoja na wingi wa neno hili, na pengine ndiyo sababu kimebakiwa na hisia pasipo kanuni.

Kanuni zenyewe ni bayana. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala wawili hao hawazungumzi mambo ya unyumba. Anayehusika si baba mzazi peke yake, bali kizazi chake chote. Baina ya babu na mjukuu, kinyume chake, pana utani na uhuru wa maneno. Philip Mayer, na baada yake Robert LeVine, waliyaeleza hayo kama mambo ya jamii na malezi. Yafaa yatazamwe pia kama falsafa ya maadili.

Aristotle (384–322 K.K.) aliihesabu haya kuwa hisia, si fadhila. Kwake haya humfaa kijana, ambaye bado hukosea. Mtu mzima hasifiwi kwa kuona haya, kwani hapaswi kutenda la kuaibisha hata kidogo. Confucius (551–479 K.K.) alifundisha kwamba watu wakitawaliwa kwa sheria na adhabu watakwepa adhabu tu, bali wakiongozwa kwa wema na adabu za jadi watakuwa na haya. Huyu aliiweka haya katika msingi wa nyumba. Yule aliiacha mlangoni.

Tofauti yao hudhihirika mwana anapokabili kosa la baba. Katika maandishi ya Plato, Euthyphro anamshtaki babaye kwa mauaji, na Socrates anamtaka kwanza aeleze uchaji ni nini. Confucius, alipoambiwa habari za mwana aliyeshuhudia kwamba babaye ameiba kondoo, alijibu kuwa kwao baba na mwana husitiriana. Mmoja alitafuta maana. Mwingine alilinda uhusiano.

Chinsoni ziko karibu zaidi na Confucius, ila zina jambo lao: zinamfunga baba sawasawa na mwana, na uzee haumfungui mtu. Tena hazikuufunga mdomo wa jamii nzima. Lisilosemeka kwa baba lilisemeka kwa babu.

Hapo ndipo penye tatizo la leo. Mwaka 1999 Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya, wazazi walihimizwa kuzungumza na watoto wao yale yale ambayo chinsoni ziliyakabidhi kwa babu na bibi, na watoto wengi walikuwa wakikulia shuleni na mijini, mbali na wazee hao. Ni kosa kumwita mzazi aliyenyamaza mjinga. Alikuwa akitii nusu ya kanuni ambayo nusu yake ya pili imepotea.

Je, akili ina nafasi gani humo? Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alimtenga mzee anayeyahifadhi mapokeo na yule anayeyahoji. Mgusii anayemtembelea mwanawe mwenye mke na chumba kimoja cha kupanga Nairobi hana budi kuwa huyo wa pili: aamue kama kilichokatazwa ni mlango, kitanda, au jicho la baba, na aamue kabla giza halijaingia.