Nyerere wa senti 30

Tarehe 9 Desemba 1971, Tanzania Bara ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, zilitolewa stempu nne. Ya shilingi 1/30 ilikuwa na kijiji cha ujamaa, ya 1/50 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya 2/50 uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliokuwa bado mpya kabisa. Rais Julius Nyerere na wafuasi wake waliwekwa kwenye ile ya bei ndogo kuliko zote: senti 30.

Anayeikuta leo Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, katika sanduku la barua za wazee, asikimbilie picha. Asome maandishi kwanza. Stempu hiyo ina majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu posta ilikuwa moja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Stempu ileile ilisafirisha barua ya Mombasa, ya Kampala na ya Bukoba.

Utamu uko hapo. Januari mwaka huohuo Idi Amin alikuwa amempindua Rais Milton Obote wa Uganda. Nyerere alikataa kumtambua Amin, tena akampa Obote hifadhi. Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, lakini kwa kanuni za posta barua ya Kampala ingeweza kubandikwa sura ya Nyerere na ikafika. Septemba 1972 ndege za Amin ziliishambulia Bukoba kwa mabomu. Posta ya pamoja ikaendelea. Kila nchi ilianza kutoa stempu zake mwaka 1976, Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kuingia Tanzania, vita vikaanza.

Je, ina bei? Ikiwa peke yake, si kubwa. Stempu za sherehe za enzi hizo bado zinapatikana kwa wauzaji. Mkusanyaji makini huulizia bahasha nzima. Muhuri wa Bukoba unaosomeka vizuri, tarehe, na anwani ya Kampala au Nairobi huonyesha barua ilipita wapi na lini, hasa ikiwa ni ya miezi ile ya mabomu. Wakati huo hata mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera lilikuja baada ya vita.

Kwa hiyo kuloweka bahasha majini ili kubandua stempu, kama watoto wengi walivyozoea, ni kuharibu mali. Stempu isiyotumika nayo ina adui wake: unyevu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na gundi ya nyuma hunasa karatasi yoyote iliyo jirani. Zitenganishwe kwa karatasi kavu, zishikwe kwa kibano badala ya vidole, na meno ya pembeni yasipunguzwe kwa mkasi hata yakionekana yamechakaa. Bahasha zihifadhiwe pamoja na barua zake.