Fomu Inayobandikwa Mlangoni

Saa kumi na moja jioni vituo vya kupigia kura nchini Kenya hufungwa, na hapo ndipo huanza kazi ambayo wapiga kura wengi hawaioni, maana wamekwisha rudi nyumbani kusikiliza redio. Msimamizi wa kituo hukata lakiri za sanduku mbele ya mawakala wa wagombea. Hutoa karatasi moja moja, hutaja jina kwa sauti, kisha huigeuza ili kila wakala aione alama. Hesabu ya kura za urais ikikamilika hujazwa kwenye Fomu 34A, mawakala wakatia saini, nakala ikabandikwa mlangoni na picha yake ikatumwa Nairobi. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuihakiki fomu hiyo akiwa amesimama hapo nje.

Naanzia mlangoni kwa makusudi. Mijadala ya mageuzi kabla ya uchaguzi hupenda kuanzia juu: mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ateuliwe na nani, makamishna wawe wa kabila gani, chama gani kipewe viti vingapi. Hayo yana uzito wake. Lakini anayetaka kujua kama uchaguzi utakuwa huru na wa haki na aulize kwanza: matokeo yanakuwa ya mwisho wapi, na nani anaweza kuyagusa baada ya hapo?

Mwaka 1988 chama tawala, KANU, kiliteua wagombea wake kwa mlolongo. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya wanayemtaka, afisa akahesabu vichwa, watu wakatawanyika. Mahali pengi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu, na aliyelalamika hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri.

Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kilifutwa. Watu walishangilia, ila mengine yote yalibaki vilevile. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, chifu alibaki na mamlaka yake ya kikoloni, na wajumbe wa tume ya uchaguzi waliteuliwa na Rais ambaye mwenyewe alikuwa mgombea. Mwaka 1992 Rais huyo, Daniel arap Moi, alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Upinzani ulikuwa umegawanyika, hilo hakuna anayelikataa, lakini hata ungeungana ungeingia uwanjani umefungwa mguu mmoja.

Ndiyo maana mwaka 1997 wanaharakati waliingia barabarani na kaulimbiu ya bila mageuzi hakuna uchaguzi. Polisi walijibu kwa marungu na risasi, watu wakafa. Hatimaye wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja, wanaharakati wakiachwa nje, wakatoa makubaliano ya mageuzi yaliyojulikana kama IPPG. Leseni ya mikutano ikaondolewa, ikatosha kuwaarifu polisi. Makali ya machifu yakapunguzwa. Upinzani ukapata nafasi ya kupendekeza makamishna 10 wa tume.

Lakini sharti hilo la makamishna halikuandikwa katika sheria, lilikuwa ahadi ya waungwana. Mwaka 2007, muda wa makamishna ulipokwisha, Rais Mwai Kibaki aliteua wapya bila kuushirikisha upinzani, na hapakuwa na kifungu cha kumzuia. Nani angemshtaki kwa kuvunja adabu?

Desemba mwaka huo matokeo yaliharibikia njiani. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliripoti kwamba katika jimbo la Molo kura za Kibaki zilisomwa kuwa elfu 50 na ushei, lakini zilipofika ukumbi wa KICC jijini Nairobi, ambako tume ilijumlisha matokeo, zilikuwa zaidi ya elfu 75. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alikiri baadaye kwamba hakujua kama Kibaki alishinda kweli. Katika ghasia zilizofuata, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya uchunguzi ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilisema mshindi hangeweza kujulikana, kwa jinsi hesabu zilivyovurugwa.

Katiba ya 2010 iliipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua kesi ya urais, lakini jambo la Molo, la hesabu kubadilika njiani, lilikuwa bado halijatatuliwa. Lilipata dawa Juni 2017, wiki chache kabla ya kura, pale Mahakama ya Rufaa ilipoamua katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai kwamba matokeo yanayotangazwa mashinani ni ya mwisho, na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ina uzito kuliko mabadiliko yote ya makamishna tuliyoyashuhudia. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, na sehemu kubwa ya kesi ilihusu fomu: zipi zilikosa alama za usalama, na kwa nini mshindi alitangazwa wakati maelfu ya Fomu 34A yalikuwa hayajafika.

Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za vituo 46,229 kwenye tovuti iliyo wazi kwa wote. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, na vyama vikafanya vivyo hivyo. Makamishna wanne kati ya saba walipojitenga na matokeo dakika za mwisho, nchi haikuwaka moto, kwa sababu hesabu haikuwa tena siri ya makamishna saba. Mahakama ya Juu ilitupilia mbali kesi ya kupinga matokeo hayo tarehe 5 Septemba. Sisemi kila kitu kilinyooka. Sheria ya fedha za kampeni ya 2013 haijawahi kutumika katika uchaguzi mkuu wowote, na mwenye gunia la pesa bado anaanza mbio akiwa mbele.

Kaulimbiu ya 1997 ilisikika tena Tanzania mwaka 2025, safari hii kutoka chama cha upinzani cha Chadema. Sheria za uchaguzi zilikuwa zimeandikwa upya mwaka 2024, na tume ikapewa jina lenye neno "huru". Ibara ya 41(7) ya Katiba haikuguswa: tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini, chama chake kikiwa nje ya uchaguzi. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, damu ilimwagika na intaneti ikazimwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na kwa ibara hiyo hakuna jaji angeweza kuitisha fomu hata moja ya urais akaikagua.

Kenya nayo isijipigie makofi mapema. Tume yake ilikaa bila kamishna yeyote tangu mapema 2023 hadi Julai 2025. Katikati ya pengo hilo, Machi 2024, muda wa kikatiba wa kupitia upya mipaka ya majimbo ulipita, na hapakuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mipaka iliyopo ni ile ya mwaka 2012.