Miaka Arobaini na Nguvu Zinazorudi

Mtu aliyekuwa winga hatari akiwa na miaka 20 hukatika pumzi akiwa na 38 kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili, na neno la kwanza linalomtoka ni "uzee". Kwenye mabaraza ya Malindi, Watamu na Kilifi neno hilo hupokelewa bila ubishi, na mwenye kulisema hutulia kwenye kiti chake akiamini mambo yameshakwisha. Umri unasingiziwa. Sehemu kubwa ya nguvu zinazopotea kabla ya miaka 50 huchukuliwa na kukaa, na kilichochukuliwa na kukaa kinaweza kurudishwa, mradi mtu akubali kuanzia chini kuliko anavyodhani anastahili.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulianza mwaka 1966 huko Dallas, Marekani. Watafiti waliwalaza vijana watano wa miaka 20 kitandani kwa majuma matatu, kisha wakapima kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia katika mazoezi makali. Zaidi ya robo ya uwezo huo ilikuwa imepotea. Mwaka 1996 watu wale wale watano walipimwa tena. Sasa walikuwa na miaka 50, wamenenepa, na mafuta mwilini mwao yameongezeka maradufu. Hata hivyo walikuwa na uwezo mkubwa kuliko siku ile walipoinuka kitandani. Kwa maneno mengine, majuma matatu ya kulala yaliwadhoofisha zaidi kuliko miaka 30 ya kuishi. Wakapewa mazoezi ya miezi sita ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, yakianza kidogo na kupanda hadi kama saa nne na nusu kwa wiki, na mwishowe wakarudi pale walipokuwa ujanani kabla ya kulazwa. Watu watano ni wachache, na haifai kuficha kwamba hakuna hata mmoja aliyefikia kile kilele alichokipata mwaka 1966 alipofanyishwa mazoezi makali baada ya kulazwa. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hilo halina dawa. Basi ahadi ya kweli ni hii: ubingwa wa ujanani huenda usirudi, lakini siha ya kawaida ya ujanani inarudi.

Kwa upande wa misuli habari ni njema zaidi. Kuanzia miaka 30 hivi mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Lakini mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya kundi dogo la wazee wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, ambao walinyanyua uzito kwa majuma manane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama mwili wa miaka 90 unaitikia hivyo, wa miaka 42 hauna sababu ya kugoma. Aliyewahi kuwa na misuli huenda pia ana akiba: mwaka 2010 watafiti wa Oslo walionyesha kwa panya kwamba viini vya seli vinavyoongezeka ndani ya misuli wakati wa mazoezi hubaki humo hata misuli inaponywea. Kwa binadamu jambo hili bado linajadiliwa, na panya si mtu, ila linaafikiana na wanachokijua makocha, kwamba aliyewahi kufanya mazoezi hurudi upesi kuliko anayeanza.

Kukaa kwenyewe kulifikaje kwa watu wa pwani, waliozoea kuvuta nyavu, kulima na kukwea minazi? Kwa kiasi kikubwa kulikuja kwa magurudumu. Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda zilienea, na safari ya kutoka Muyeye hadi sokoni Malindi, ambayo ni mwendo wa miguu, ikawa ya dakika chache juu ya kiti. Dereva naye hushinda ameketi kuanzia alfajiri, jioni akashuka amechoka hoi, akaamini amefanya mazoezi. Uchovu na mazoezi ni vitu viwili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya theluthi moja ya wanawake wana uzito uliozidi. Mtazame kwa upande wa pili mgema wa mnazi. Hukwea asubuhi, akakwea tena jioni, akikanyaga vidato alivyovichonga kwenye shina, kibuyu kiunoni, mti kwa mti. Nguvu zake hazipungui haraka kwa kuwa kazi yake haimpi likizo ya kuzipoteza.

Wapo wanaosema kwamba baada ya 35 mwili huacha kuunguza chakula, ndiyo maana kitambi hakiepukiki. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, na ikaonekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni mwendo na sahani. Mbaazi, kunde, pojo na samaki hujenga misuli vizuri kabisa. Tatizo liko kwenye soda na chai yenye sukari nyingi mara nne kwa siku.

Pingamizi lenye uzito ni la hatari, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu hurudi uwanjani baada ya miaka 15 akacheza kama alivyoacha, na kesho yake anachechemea. Misuli huimarika kwa majuma, ila kano zinazoishikilia kwenye mifupa huhitaji miezi, kwa hivyo nguvu mpya hutangulia uimara wa viungo. Dawa ni uzito unaopanda taratibu, wala hauhitaji jimu. Mtungi wa lita 20 ni mizani tosha, maana kila lita ya maji ni kilo moja. Tia lita tano, ukumbatie kifuani, keti kwenye kiti na usimame mara kumi. Pumzika, rudia. Mtungi ukiwa mwepesi wiki ijayo, ongeza lita moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Kwa kutembea, ufuo wa Silversands kule Malindi au Bofa kule Kilifi hautozi ada, na maji yanapokupwa mchanga huwa mgumu, haulegezi kifundo cha mguu. Wakati wa kaskazi toka alfajiri, kabla jua halijakaza.

Wanawake huambiwa kwamba haya si yao, au kwamba hakuna mahali pa kuyafanya kwa stara. Mtungi na kiti viko nyumbani. Na katika nchi ya Wagiriama hoja hiyo ni dhaifu mno: Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikuwa amekwisha kupita ujana walipomkamata mwaka 1913 na kumpeleka Kisii, lakini alitoroka mwaka uliofuata na, kama historia inavyosimulia, akarudi kwao kwa miguu.

Kuna sharti moja kabla ya yote. Utafiti ule wa 2015 uligundua kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawajawahi kupimwa presha. Ikiwa wewe ni mmoja wao, au una kisukari, au kifua hukubana unapotembea haraka, pita zahanati kwanza. Ukishapata majibu na ruhusa ya daktari, jaza lita tano uanze.