Rasimu ya Pili Haina Bajeti

Magharibi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Ndosho kwenda Mugunga, mtoto hujifunza neno mazuku kabla hajajua kusoma. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za miamba ya volkano. Haionekani, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi hufa humo. Watoto pia, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi.

Sasa mpe mwanafunzi wa ualimu aliye mwaka wa mwisho kazi ya kuandika tangazo la nusu ukurasa juu ya mazuku, la kubandikwa kwenye mlango wa shule ya msingi. Rasimu ya kwanza huwa na sura hii: «Wazazi na wanafunzi wote wanaombwa kuchukua tahadhari zote zinazohitajika kuhusu gesi hatari.» Sarufi yake haina kosa. Lakini mzazi akishaimaliza hajui amkataze mtoto nini kesho asubuhi. Mkufunzi akiirudisha na maswali matatu pembeni (wapi? saa ngapi? mtu akianguka tufanye nini?), rasimu ya pili huja na majibu: mtoto asishuke shimoni kabla jua halijapanda, ukiona ndege au wadudu wamekufa pamoja chini, rudi nyuma upande mahali palipoinuka, mwenzako akianguka humo usimfuate, piga kelele watu wazima waje. Somo lote la uandishi wa kiufundi limo katika safari ya kutoka karatasi ile ya kwanza hadi hii ya pili. Na kwa kadiri ninavyoielewa mipango ya miradi ya kufundisha uandishi huu, sehemu hiyo ya safari ndiyo inayokosa fedha mapema kuliko nyingine zote.

Huku kwetu, anayetaka kufundisha shule ya msingi huchukua «peda», yaani mchepuo wa ualimu katika sekondari, na akipata diploma ya taifa anaweza kusimama mbele ya darasa mwezi Septemba unaofuata. Anayetaka kufundisha sekondari huendelea hadi taasisi ya juu ya ualimu. Wote wawili wataishi kwa karatasi: fishi ya maandalizi ya kila somo, ripoti ya staji (mazoezi ya kufundisha), kumbukumbu za mkutano wa wazazi, barua kwa prefe (mkuu wa shule ya sekondari), maelekezo ya jaribio la sayansi kwenye chumba kisicho na maabara. Ni maandishi ya kazi. Kipimo chake ni kama aliyeyasoma ameweza kufanya jambo bila kumtafuta aliyeyaandika. Elimu ya insha na fasihi, ambayo shule zetu zinaijali na inafaa ziijali, haimfikishi mwanafunzi hapo yenyewe.

Ndiyo maana miradi ya kufundisha ujuzi huu huonekana kuwa ya busara inapowekwa mezani, na kweli ni ya busara. Kwenye hatua ya mpango ahadi hufanana: chumba kimoja cha kuandikia na kuchapishia, kompyuta kadhaa, umeme wa jua, kijitabu cha mazoezi, semina kwa wakufunzi, na idadi fulani ya walimu wa kesho watakaokuwa wamefundishwa ifikapo mwezi fulani. Muda hupangwa kuwa mwaka mmoja au miwili. Anayeandika mpango hana nia mbaya anapotaja vitu vinavyohesabika. Mfadhili anataka kuhesabu, na chumba kinahesabika, kompyuta inahesabika, jina kwenye orodha ya mahudhurio linahesabika. Rasimu iliyorudishwa ikaandikwa upya haina safu yake kwenye jedwali.

Kasoro ya pili ya mpango ni kalenda. Mwaka wa masomo nchini Kongo huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai, na miezi ya mwisho humezwa na mtihani wa taifa. Mradi huhesabu miezi yake tangu siku ya kutia saini. Fedha zikifika Machi, zabuni ikachukua hadi Juni, semina ya kwanza huangukia Julai au Agosti, wakati mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ameshaondoka na mkufunzi amerudi shambani kwao. Kwenye ripoti, shughuli imefanyika ndani ya muda. Darasa lililokusudiwa halikuwapo.

Ujenzi wenyewe, Ndosho, huanza na jiwe. Ardhi ya hapa ni lava iliyopoa. Anayekadiria gharama za msingi kwa mazoea ya udongo hushangaa fundi anapomwambia kwamba kuchimba kutafanywa kwa nyundo na mitaimbo, siku baada ya siku. Kuta hazisumbui sana, maana jiwe la kujengea liko miguuni. Shimo la choo ndilo gumu zaidi, kwa hiyo choo huachwa hadi mwisho, na wakati huo pesa huwa zimepungua. Maji hayashikiki kwenye mwamba huo. Ya kukorogea saruji huja kwa bidoni au kwa gari. Mabati nayo hupata kutu upesi, kwa kuwa mvua huja na gesi za volkano, na paa lililokadiriwa kwa bati jembamba litaanza kuvuja juu ya kompyuta kabla hazijazeeka.

Pamoja na hayo yote, chumba kwa kawaida hujengwa. Hili lisemwe wazi, kwa sababu mazungumzo ya mtaani huelekea kuipima miradi yote kwa ule uliokwama. Ukiacha miaka ya vita vikali, majengo mengi ya aina hii husimama, hupakwa rangi na hukabidhiwa. Huchelewa, lakini husimama.

Kinachobaki hakijafanyika ni kile kisichoonekana siku ya makabidhiano. Kijitabu huwa kimechapishwa, lakini kwa nakala za semina tu. Za wanafunzi zingefuata. Semina ya pili ya wakufunzi, iliyokuwa iwakutanishe na kazi halisi za wanafunzi wao, huunganishwa na ya kwanza ili kuokoa siku. Na lugha hubaki swali lisilojibiwa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na huku mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa kwacho. Mwalimu wake huandika fishi kwa Kifaransa, kisha hulitafsiri somo kichwani akiwa mbele ya ubao. Kijitabu cha mazoezi nacho aghalabu ni cha Kifaransa, au ni cha Kiswahili kilichotungwa mbali. Mtoto wa Ndosho anasema anakwenda «ku masomo». Kitabu kinasema «shuleni». Tofauti hiyo ni ndogo kwa msomi, lakini kwa mwalimu anayeandika tangazo litakalosomwa na mama muuza mkaa ni jambo la kuamua kila mara: neno gani litafika? Mazoezi mazuri kabisa ya uandishi wa kiufundi Goma yangeanzia kwenye uamuzi huo. Nadra kuyaona.

Halafu kuna kusahihisha. Tufanye hesabu ya kawaida. Darasa lina wanafunzi hamsini. Kila mmoja ameandika tangazo la nusu ukurasa, na mkufunzi anatumia dakika kumi na tano kulisoma na kuandika maswali pembeni. Hizo ni saa kumi na mbili na nusu kwa rasimu ya kwanza peke yake. Rasimu ya pili ni saa nyingine kama hizo, ingawa huwa nyepesi kidogo. Kwa mazoezi manne kwa muhula, mkufunzi anadaiwa karibu saa mia moja nje ya vipindi vyake, na mshahara wake haumtoshi hata kuacha kazi ya pili anayoifanya jioni. Mpango ukiwa haukutenga malipo ya saa hizo, atafanya ambacho mtu yeyote angefanya: atatia alama, kumi na mbili juu ya ishirini, na kurudisha. Mwanafunzi ataangalia alama na kuikunja karatasi.

Gharama hukua kwa njia ambazo kila mtu hapa anazijua, ingawa bajeti huziandika kwa kusitasita. Vifaa hununuliwa kwa dola na vibarua hulipwa kwa faranga. Saruji hupanda bei barabara zinapofungwa. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wakatoka kwa maelfu kwa barabara ya kwenda Sake. Vita viliingia mjini Novemba 2012, na tena Januari 2025. Ratiba ya Goma isiyo na miezi ya akiba inaomba mji uwe mji mwingine.

Ila ukuaji mkubwa wa gharama, naona, hutokana na jambo tulivu zaidi: ucheleweshaji una gharama zake wenyewe. Mradi uliochelewa miezi minne unaendelea kulipa kodi ya ofisi, mishahara ya waratibu, mafuta ya gari na ya jenereta kwa miezi minne hiyo. Fedha hizo lazima zitoke mahali. Hazitoki kwenye ukuta uliofika nusu, kwa kuwa ukuta usiokamilika ni aibu inayoonekana. Hutoka kwenye mistari ya bajeti iliyo laini: karatasi, ufuatiliaji darasani, saa za kusahihisha. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba walimu wa kesho wasifundishwe kuandika. Imetokea kwa kupunguza kidogo hapa, kidogo pale, kila mara kwa sababu inayoeleweka.

Kwa hiyo ningependa mambo mawili yabadilike kwenye karatasi ya mpango. La kwanza, saa za kusahihisha ziandikwe kwa jina lake na zifungwe, zisiguswe hata ujenzi ukizidi, kama vile nondo za msingi hazipunguzwi ili kununua rangi. La pili, tarehe ya kukamilika isiwe ya makabidhiano. Iwe ni mwisho wa muhula wa kwanza ambao wanafunzi wamekitumia chumba, na cha kuonyesha kiwe furushi la rasimu, ya kwanza na ya pili zimebanwa pamoja. Mfadhili anayetaka kuhesabu atazihesabu hizo.

Litabaki suala la ufunguo. Chumba chenye kompyuta ni mali, na prefe ndiye atakayeulizwa kitu kikipotea, kwa hiyo ufunguo hukaa mfukoni mwake na chumba hufunguliwa wageni wanapokuja. Siwezi kumlaumu, hakuna mstari wa mlinzi wala wa kufuli jipya. Pale chumba kinapotumika kweli, sababu yake huwa makubaliano madogo ambayo hayamo kwenye mkataba wowote: mkufunzi mmoja ameaminiwa na ufunguo wa pili, alasiri moja kwa wiki. Wanafunzi huja na karatasi zao wenyewe. Umeme ukikosekana huandika kwa mkono, karibu na dirisha, na tangazo la mazuku likishapita rasimu ya pili hunakiliwa mara tatu kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila shule ya staji, na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua.